Kibuyu Nilichokiosha

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa brashi. Nilikuwa nimevaa viatu vipya na kushika bahasha ya kaki yenye cheti changu cha chuo kikuu, nikitarajia kuonyeshwa meza yangu na hadubini yangu. Mkuu wa Maabara wa kituo cha utafiti pale Musoma, mzee mrefu aliyekuwa akitembea mikono nyuma, alinipeleka moja kwa moja kwenye sinki lililojaa chupa chafu.

"Umesomea nini, binti?"

"Vijidudu, Mzee. Vinakula nini, vinatoa nini, na vinaishije na wenzao."

"Vizuri sana. Basi anza kwa kuviua."

Nikaosha. Niliosha wiki baada ya wiki. Chupa ilipigwa sabuni, ikasuuzwa mara tatu, kisha ikaingia kwenye otoklevu, yaani sufuria kubwa ya presha inayochemsha vitu mpaka kisibaki chochote kilicho hai. Kila jioni Mkuu alipita, akainua chupa mojawapo, akaitazama kwenye mwanga wa dirisha la upande wa ziwani, akainusa. Ikiwa na harufu yoyote, hata ya sabuni, nilianza upya. Nikiwasimulia vijana wa siku hizi wananiambia huo ulikuwa uonevu. Mimi, kusema kweli, nilikuwa na furaha isiyo na mfano. Nilikuwa binti wa kwanza kuajiriwa maabara pale, na hakuna mtu mjini Musoma aliyekuwa na chupa safi kuliko zangu. Nayasema haya mapema kwa sababu mikono hiyohiyo ndiyo iliyokuja kuniponza.

Baadaye niliruhusiwa kuotesha. Kijidudu hukioni kwa macho, kwa hiyo unakiwekea chakula na kukisubiri kizaane. Tulikuwa tunapika supu nzito inayoganda ikipoa, tunaimimina kwenye visahani vya kioo, tunapaka tone la kile tunachokichunguza, tunafunika, tunaviweka kwenye kabati lenye joto kama la mwili wa mtu. Kesho yake au keshokutwa unakuta vidoa. Kila kidoa ni ukoo mzima uliotokana na kimoja. Asubuhi nilikuwa nafika kabla ya mlinzi kumaliza chai yake, nafungua kabati lile, na nikiona vidoa nacheka peke yangu.

Baada ya miaka miwili nilihamishiwa Bunda. Ofisi yetu ilikuwa vyumba viwili tu kata ya Kabasa, nyuma ya duka la mbegu za pamba. Aliyekuwa juu yangu hapo ni Afisa Mfawidhi, mtu mfupi, mcheshi kwa wageni na mkali kwetu. Aliipenda gari yake ya pikapu kuliko binadamu wengi. Siku niliyoripoti alinipa karatasi moja.

"Soma hiyo. Kuna vibuyu maziwa yake yanakaa wiki nzima hayaharibiki. Vingine siku mbili, yananuka. Wanaume wa Mkoa huu wanasema ni ng'ombe. Wanawake wanasema ni kibuyu. Wewe nenda ukajue nani mkweli. Na usiniletee maziwa ya kuonja. Mimi ni mtu wa chai."

Nilizunguka kwa baiskeli ya ofisi katika miji ya wafugaji na wakulima wa pamba. Nilibeba sanduku la barafu, vijichupa vyangu vilivyochemshwa, na karatasi za kupimia ukali wa asidi. Hapo ndipo nilipoanza kuielewa kazi yangu, maana chuoni nilikuwa nimeikariri tu. Maziwa yana sukari. Kuna bakteria wanaoila sukari hiyo na kutoa asidi, na asidi ndiyo inayoyagandisha maziwa na kuwafukuza waozeshaji. Wengine wanasubiri kwanza asidi iwepo ndipo waanze kula, na hao ndio wanaotoa harufu nzuri, ile ya siagi. Kula huko na kutoa huko wataalamu tunakuita umetaboli. Na yale makazi yao, nani anamtangulia nani, nani anaishi kwa mabaki ya nani, hiyo ndiyo ikolojia. Kwa maneno mengine, ndani ya kibuyu mna kijiji.

Kila nilikokwenda nilisikia jina moja. "Ukitaka maziwa, nenda Butiama kwa Bibi Wakuru." Nikaomba ruhusa, nikaenda.

Bibi Wakuru alikuwa mjane mwembamba, sauti nene, mkono mwepesi wa kukukaribisha na ulimi mwepesi wa kukutania. Nilipomwamkia shikamoo alinitazama toka kichwani mpaka viatuni.

"Marahaba, mjukuu wangu. Serikali imekosa mwanaume wa kumtuma kwenye maziwa?"

"Wanaume wanasema ni ng'ombe, Bibi."

Alicheka mpaka akakaa chini. Tangu hapo tukawa marafiki. Alinipa chumba, nami nikakaa kwake ili nichukue sampuli asubuhi, mchana na jioni. Kibuyu chake kilining'inia kwenye nguzo karibu na jiko. Kilikuwa na shingo ndefu, cheusi ndani kwa moshi, kimezungushiwa kamba ya ngozi. Alikisugua ndani kwa kijiti cha mgunga kilichochomwa, akakung'uta majivu, halafu akamimina maziwa mapya juu ya mabaki kidogo ya jana. Mabaki hayo aliyaita mbegu. Mara ya kwanza kuonja maziwa yale nilifumba macho bila kujua. Yalikuwa mazito, makali kidogo, yenye utamu unaokuja baadaye. Nilijaza daftari kurasa mbili kuhusu ladha tu, jambo ambalo kwenye utafiti haliruhusiwi.

Nyumba ilikuwa ya shughuli wakati huo. Mjukuu wa Bibi, Sabina, alikuwa anaolewa na kijana wa Murangi, na siku nilipofika zilikuwa zimebaki karibu wiki nne. Katika ukoo ule binti haondoki hivihivi. Kwanza wazee wa upande wa bwana harusi wanakunywa maziwa ya kibuyu cha bibi, na wasipoyasifu ni aibu ya nyumba nzima. Halafu binti anapewa kibuyu kidogo chenye mbegu, akaanzishe chake huko aendako. Bibi Wakuru alikuwa akilizungumzia jambo hilo kutwa. Alisema Sabina ndiye mjukuu wake wa kwanza kuolewa, tena ndiye aliyemlea mwenyewe tangu mama yake alipofariki.

Jumapili moja wote walikwenda kanisani, mimi nikabaki kusubiri sampuli ya mchana. Nilikuwa nimekula na kulala kwa Bibi wiki nzima bila kuinua hata ufagio. Nikasema moyoni, leo nimfanyie mama wa watu jambo la maana. Nikafagia uwanja. Nikaosha vikombe, masufuria, kata. Kisha nikakiona kibuyu, kimebaki na mbegu yake kidogo chini, ndani kimejaa utando mweusi. Jamani, mikono ilianza kuwasha! Nikachemsha maji. Nikayamimina. Nikapiga sabuni, nikaingiza brashi yangu ya chupa yenye mpini mrefu, nikasugua mpaka maji yakatoka meupe. Na kwa kuwa mimi nilikuwa mtaalamu, nikamalizia kwa klorini kutoka kwenye sanduku langu. Nikakianika juani. Nikakinusa, hakikuwa na harufu yoyote. Mkuu wa Maabara angenipa mkono.

Ndiyo, mimi mwenyewe. Mwenye cheti cha vijidudu, niliyekuwa nimeandika siku mbili kabla kwamba kibuyu kina kijiji ndani yake. Mpaka leo nikikumbuka nauficha uso hata nikiwa peke yangu.

Bibi alirudi, akakuta uwanja unang'aa, akashukuru. Halafu akakiona kibuyu juani. Alikichukua, akakigeuza, akaingiza pua kwenye mdomo wake. Alinusa mara moja. Akanusa tena, polepole.

"Kibuyu yangu umeifanya nini?"

"Nimeiosha, Bibi. Kwa maji ya moto na sabuni."

"Sisi hatuoshagi na sabuni." Alikaa kwenye kigoda, kibuyu magotini. Hakunifokea. Ingekuwa afadhali. "Hii alinipa mama siku naolewa. Mama amekufa zamani, lakini kila asubuhi nikimimina maziwa, nilikuwaga naye humu. Wewe umemfukuza mama yangu."

Nilikosa pa kuweka uso. Niliomba radhi, nikaomba tena. Sabina alisimama mlangoni na nguo zake za kanisani, akimtazama bibi yake.

Maziwa ya siku iliyofuata hayakuganda. Siku ya tatu yalipanda povu na kunuka kama mboga iliyosahaulika. Nyumba ikiwa haina watu, anaingia yeyote, na walioingia walikuwa waozeshaji. Wenyeji waliokuwa wamejificha kwenye vitundu vya ukuta wa kibuyu miaka yote ile niliwamaliza mimi kwa klorini.

Nikapanda baiskeli mpaka Bunda. Njiani nilikuwa najifariji. Si nilikuwa na sampuli? Vijichupa vya wiki ile nilikuwa nimevipeleka kwa safari mbili kwenye jokofu la ofisi. Nilipofungua jokofu, joto lilinipiga usoni. Umeme ulikuwa umekatika siku nne na hakuna aliyehamisha kitu. Kilichobaki ni kisahani kimoja kwenye kabati, chenye bakteria wa aina moja tu niliowatenga. Afisa Mfawidhi alinisikiliza mpaka mwisho, kalamu sikioni.

"Kwa hiyo tumemtuma mtaalamu akachunguze viumbe, akavichemsha."

"Ndiyo, Mzee."

"Na harusi lini?"

"Wiki mbili na siku mbili."

"Sasa unalia nini hapa? Machozi hayagandishi maziwa. Rudi ukarekebishe."

Nikajikaza kisabuni, nikarudi na kisahani changu. Nilikuwa na matumaini makubwa na bakteria wale. Walikuwa watoa asidi hodari. Nikawatia kwenye maziwa, na kesho yake, kweli, yakaganda! Karatasi yangu ilionyesha asidi ileile ya zamani. Nilimpelekea Bibi kikombe nikitabasamu. Alionja, akakaa nayo mdomoni, akameza.

"Imeganda," alisema. "Lakini imekuwa bubu."

Nikaonja nami. Yalikuwa makali tu, basi. Neno lile limenifunza kuliko mihadhara yote niliyowahi kusikia. Nilikuwa nimerudisha mkazi mmoja nikidhani nimerudisha kijiji. Wale wanaofuata baada ya asidi, wale wa harufu, hawakuwemo, na mimi sikuwa nao popote.

Hapo ndipo nilipoacha kujifanya mtaalamu. Nikakaa chini karibu na kigoda chake, nikamuuliza swali ambalo nilipaswa kuuliza siku ya kwanza.

"Bibi, wewe ulipewa mbegu na mama yako. Wewe mwenyewe umempa nani?"

Alinitazama kama mtu aliyeguswa bega kwa nyuma.

"Wanangu wa kike wawili. Mmoja ni marehemu, mama yake Sabina, kibuyu chake kilipasuka. Mwingine ni Mama Masatu. Aliolewa Kibara, kwa wavuvi. Lakini wale watu wa dagaa, sijui kama anakumbukaga mambo ya maziwa."

Asubuhi iliyofuata niliteremka tena Bunda. Sikutegemea Afisa Mfawidhi angekubali kutupeleka Kibara, lakini alisikiliza, akachukua funguo za pikapu, akavaa kofia. "Nitaendesha mwenyewe," alisema. "Gari hii haipendi watu wenye huzuni." Tukampitia Bibi Butiama, naye akapanda mbele na kitenge chake kipya, kibuyu kitupu mapajani. Mimi nilikaa nyuma na sanduku la barafu. Njia nzima ya Kibara nilisikia vicheko vyao dirishani. Bibi alikuwa anamuuliza Afisa Mfawidhi kwa nini mtu mzima anakunywa chai kama mgonjwa.

Mama Masatu alitupokea kwa vigelegele. Uwanja wake ulitandazwa dagaa wanaoanikwa, na nyuma ya nyumba niliona ng'ombe wawili. Moyo ukanitulia kidogo. Baada ya salamu na habari za wote, Bibi akasema shida yetu. Hakunitaja mimi. Alisema tu kibuyu kimeharibika. Mama Masatu akaangalia chini.

"Mama, usinichape. Kile kibuyu ulinipa ilivunjika zamani, watoto waliiangusha."

Bibi alifumba macho.

"Sasa mbegu ulitupa?"

"Kutupa mbegu? Mama, mimi ni mtoto wako!" Akaingia ndani, akatoka na dumu la njano la mafuta ya kupikia, limefifia, limekatwa mdomo na kufunikwa sahani. "Ile siku ilivunjika nilimwagia humu kilichobaki. Nilikuwa naona aibu kukwambia nimeweka kwenye dumu. Lakini kila siku naongezaga maziwa. Na sijawahi kuosha na sabuni hata siku moja."

Aliposema neno sabuni, Afisa Mfawidhi alikohoa akitazama ziwani.

Bibi Wakuru aliliinamia dumu lile. Sijawahi kumwona mtu akinusa kitu kwa heshima vile. Alichovya kidole, akaonja. Akaonja tena. Halafu akamshika binti yake shingoni, akamvuta kifuani, na wote wawili wakaanza kulia na kucheka kwa pamoja.

"Ndiye," alisema. "Ni yeye kabisa."

Mimi nililia bila aibu. Nilimuomba nionje, nikafumba macho, na utamu ule ukaja baadaye, palepale ulipokuwa ukija. Afisa Mfawidhi naye, mtu wa chai, alipewa kikombe na Bibi mwenyewe asiweze kukataa. Alikunywa chote. Akanyoosha mkono kwa kingine.

Siku zilizobaki tulikilea kibuyu kama mtoto mchanga. Bibi alinifundisha kuchoma kijiti cha mgunga, kusugua, kukung'uta. Maziwa aliyaongeza kidogokidogo kila asubuhi, maana wageni wengi wakila chakula kabla wenyeji hawajakaa sawasawa, wageni ndio wanaoshinda. Hayo maneno ni yangu. Yeye alisema tu, "Usimpe mtoto ugali." Mimi nilipima asidi, yeye alinusa, na matokeo yetu hayakutofautiana hata mara moja. Siku tatu kabla ya harusi ndani ya kibuyu kulianza tena kupata weusi, na nilifurahia uchafu ule kuliko chupa zangu zote za Musoma.

Wazee wa Murangi walikuja wakiwa wamevaa makoti ingawa jua lilikuwa kali. Mkubwa wao alipewa kata ya kwanza. Sabina alikuwa nyuma ya pazia, ameshika mkono wangu mpaka kucha zikaniuma. Mzee alikunywa, akafuta ndevu, akamrudishia Bibi kata.

"Mama," alisema, "hii nyumba tutachelewa kutoka."

Vigelegele vilivyopigwa hapo nadhani vilisikika mpaka Musoma. Sabina aliondoka jioni na kibuyu chake kidogo kwapani. Bibi alinigeukia, akanifinya shavu, akasema mama amerudi na amemkuta mkosaji wake jikoni.

Kutokana na msiba ule uliogeuka sherehe ndipo kazi yangu yote ilipotokea. Niliacha kuuliza ng'ombe wa nani, nikaanza kuuliza mbegu imetoka kwa nani. Butiama, Bunda, Kibara, Murangi, kila kijiji kidogo cha bakteria nilichokiotesha kilifanana na kile cha nyumba alikotoka mama mwenye kibuyu, sio cha jirani. Ukitaka kujua vijidudu vimesafiri vipi, fuata mabibi harusi. Nilichora mchoro mkubwa, nikaupeleka Musoma kwa Mkuu wa Maabara, ambaye wakati huo mvi zilikuwa zimemjaa. Aliutazama muda mrefu, mikono nyuma.

"Hii ni ripoti ya sayansi au ya harusi?"

"Zote mbili, Mzee."

"Na hicho kibuyu cha katikati, chenye mistari ya Kibara na Murangi. Kuna alama nyekundu. Ni nini?"

"Hapo nilikiosha."

Akatabasamu, jambo alilolifanya kwa nadra. "Nilikufundisha nusu ya kazi," alisema. "Nashukuru umeipata nusu nyingine."

Miaka mingi imepita. Nilipanda cheo, nikawa mimi ndiye Mkuu wa Maabara, nikanusa chupa za vijana, nao wakaninung'unikia. Bibi Wakuru alifariki akiwa mzee sana, nami nilikaa na familia wakati wa msiba. Siku niliyostaafu, ofisi walinipa kiti cha kupumzikia na hotuba ndefu. Walipomaliza, mama mmoja wa makamo alisimama nyuma ya ukumbi, akaja mbele na kitu kimefungwa kitenge. Alikuwa Sabina, amesafiri kutoka Murangi. Alifungua kitenge. Kibuyu kidogo, chenye kamba ya ngozi.

"Bibi aliachaga maagizo," aliwaambia watu. "Alisema binti akitoka nyumbani anapewa. Na huyu ni binti yetu, leo anatoka kazini."

Mama yangu mzazi alininunulia maziwa ya pakiti maisha yake yote, na sikuwahi kupewa kibuyu na mtu. Hotuba niliyokuwa nimeandaa sikuisoma.

Sasa naishi Musoma, kwenye nyumba yenye veranda, na kila asubuhi namimina maziwa juu ya mabaki ya jana. Vijana mnaokuja kuniuliza habari za kazi mnapenda kusikia kuhusu mashine. Mashine zenu ni nzuri, zinasoma vijidudu vyote kwa mara moja, nami nazitamani. Lakini kabla hujagusa kitu cha watu, muulize mwenyewe alikipataje. Sina ushauri mwingine mkubwa kuliko huo.

Juzi mkwe wangu, mke wa mwanangu, alikuja kunitembelea kutoka Dodoma. Binti mwema, mchapakazi, daktari wa meno. Nilikuwa verandani nikisoma gazeti, nikasikia kutoka jikoni birika linachemka na maji yanafunguliwa. Kisha nikasikia brashi.

Sijakimbia hivyo tangu nistaafu. Nilimkuta amekikumbatia kibuyu kwa mkono mmoja, birika liko mkono wa pili, limeanza kuinama, mvuke unapanda, na uso wake umejaa huruma kwa mama mkwe mzee asiyeona uchafu.

"Mama, pumzika tu," aliniambia. "Nakusafishia."

"Weka birika chini, mwanangu," nikamwambia, nikihema. "Taratibu. Humo ndani yumo mama."